Mlima Usiotoa Moto: Volkeno za Sayari na Miezi Mingine katika Fasili za Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi akiulizwa volkeno ni nini, aghalabu hujibu kwamba ni mlima utoao moto. Jibu hili limerithishwa darasani kwa muda mrefu, na kwa mtu aliyelelewa kando ya Bonde la Ufa halina dosari ya wazi. Longonot ni mlima, Suswa ni mlima, na simulizi za wazee hazikosi kutaja moto uliowahi kuwaka chini yake. Hata Menengai, ambayo leo ni shimo kubwa kuliko mlima, huingizwa katika fasili hiyo bila ubishi kwa sababu yasadikika kwamba palikuwa na mlima kabla haujaporomoka.

Fasili hiyo huanza kuyumba pindi mtazamo unapohamishwa kutoka duniani. Katika jamii ya jua zipo volkeno zisizokuwa milima, na tangu mwaka wa 2005 imejulikana kwamba pana mwezi mdogo wa sayari ya Zohali ambao hutoa, si moto, bali maji yanayoganda papo hapo yanapotokeza nje. Je, hiyo nayo ni volkeno? Na kama ni volkeno, mwalimu wa sayansi, mtafsiri wa habari na mhariri wa kamusi watayasemaje hayo kwa Kiswahili bila kumpotosha msomaji? Makala haya yanadhamiria kuzitalii volkeno chache za sayari na miezi mingine, kisha kuzitumia kupima uwezo wa msamiati tulio nao. Hayakusudii kuzitaja zote. Mwezi wetu, kwa mfano, umejaa nyanda nyeusi za zaha iliyoganda mabilioni ya miaka iliyopita, na Utaridi nayo ina nyanda za aina hiyo. Lakini katika suala la istilahi, nyanda hizo hazimtatizi mtu.

Ikumbukwe pia kwamba majina yenyewe ya sayari hayajatulia. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali yametujia kutoka Kiarabu kwa njia ya elimu ya falaki, na mabaharia na wanajimu wa pwani waliyatumia kabla ya darubini kufika huku. Hata hivyo, baadhi ya vitabu vya shule vimeziita sayari kwa majina kama Sarateni na Kausi, ambayo asili yake ni majina ya buruji, wala si ya sayari. Makala haya yanashikilia majina ya falaki. Majina ya miezi ya sayari hizo yameachwa yalivyo katika ramani za wanaastronomia.

Mirihi: mlima uliokua bila kulipuka

Mnamo Novemba 1971 chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 9 kilifika Mirihi na kuwa cha kwanza kuizunguka sayari isiyokuwa dunia. Kilipofika, sayari nzima ilikuwa imegubikwa na tufani ya vumbi. Hapakuonekana chochote ila madoa manne meusi yaliyochomoza juu ya vumbi. Tufani ilipotulia, ikabainika kwamba madoa hayo yalikuwa vilele vya volkeno nne, na kubwa kuliko zote ikapewa jina la Olympus Mons.

Ukubwa wa mlima huo hauelezeki kwa urahisi. Kimo chake ni takriban kilomita 22, ilhali Kilimanjaro una mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Upana wake kwenye kitako ni kilomita 600 hivi, hivi kwamba eneo unalolifunika, yapata kilomita 300,000 za mraba, linakaribia nusu ya nchi ya Kenya. Pamoja na hayo, mteremko wake ni wa pole mno, wa nyuzi tano hivi kwa wastani. Mtu angeupanda kwa siku nyingi bila kuhisi kwamba yumo mlimani, na akifika kileleni asingeiona miguu ya mlima, kwa kuwa ingekuwa imefichwa na mpindo wa sayari yenyewe.

Sababu ya ukubwa huo ni utulivu. Gamba la dunia limegawanyika katika mabamba yanayosogea. Zaha ipandapo kutoka mahali pamoja chini ya bamba linalosogea, haijengi mlima mmoja bali safu ya milima, kama inavyoonekana katika visiwa vya Hawaii. Mirihi haina mabamba yanayosogea. Zaha ilitokeza mahali palepale kwa mamilioni ya miaka, tabaka juu ya tabaka, na kwa kuwa nguvu ya mvuto ya Mirihi ni kama asilimia 38 tu ya ile ya dunia, lundo hilo liliweza kusimama bila kudidimia upesi.

Hapa ndipo suala la kwanza la lugha linapochomoza. Wanahabari wetu wamezoea kitenzi kimoja tu: volkeno *hulipuka*. Lakini Olympus Mons kwa sehemu kubwa haukulipuka. Zaha yake ilikuwa nyepesi, nayo *ilitiririka*, pengine *ikabubujika* kama chemchemi, ikaenea mbali kabla ya kuganda. Kusema kwamba mlima huo ulilipuka hadi ukawa na kimo hicho ni kukanusha jinsi ulivyojengwa. Kiswahili hakina upungufu wa vitenzi hapa. Upungufu ni wa wasemaji wanaochota kitenzi kimoja na kuviacha vingine ghalani.

Suala la pili ni lile la uhai. Tumezoea kusema volkeno *hai*, volkeno *iliyolala* na volkeno *iliyokufa*, kana kwamba tunazungumzia mnyama. Je, Olympus Mons umekufa? Baadhi ya mitiririko ya zaha kwenye mteremko wake inakadiriwa kuwa na umri wa mamilioni machache au makumi machache ya miaka milioni tu, ambao katika umri wa sayari ni kama jana jioni. Aidha, chombo cha InSight, kilichofanya kazi juu ya Mirihi kati ya mwaka wa 2018 na 2022, kilinasa mitetemeko mingi iliyotoka katika eneo la nyufa liitwalo Cerberus Fossae, eneo ambalo lilipata kutoa zaha. Maadamu hali ni hiyo, kuitangaza volkeno ya Mirihi kuwa maiti ni kuharakisha mazishi.

Zuhura: ushahidi uliokaa kabatini

Zuhura imefunikwa na mawingu mazito yasiyopenyeka kwa macho. Joto la uso wake ni kama nyuzi 465 za selisiasi, na mkandamizo wa hewa yake ni zaidi ya mara 90 ya ule wa dunia. Njia ya kuuona uso huo kutoka juu ni rada, na kazi hiyo ilifanywa kwa ukamilifu na chombo cha Magellan kati ya mwaka wa 1990 na 1994. Picha zake zilionyesha maelfu kwa maelfu ya volkeno. Swali lililobaki bila jibu ni moja: je, yoyote kati ya hizo ilikuwa ingali hai?

Jibu lilikuwa limo humo humo katika picha za Magellan, lakini lilisubiri miaka 30. Mnamo Machi 2023, Robert Herrick na Scott Hensley walichapisha katika jarida la *Science* matokeo ya kulinganisha picha mbili za eneo moja karibu na Maat Mons, volkeno yenye kimo cha kilomita nane hivi. Picha ya kwanza ilipigwa Februari 1991 na ya pili Oktoba mwaka uo huo. Katika muda huo wa miezi minane, kinywa cha volkeno kilichokuwa cha mviringo, chenye eneo la kilomita 2.2 za mraba, kilikuwa kimegeuka umbo na kutanuka hadi takriban kilomita 4 za mraba. Mwaka wa 2024 watafiti wengine wakaongeza dalili za mitiririko mipya ya zaha katika picha zizo hizo. Mwanafunzi wa fasihi anayechosheka na kuusoma upya muswada ambao wengine wameshaumaliza ana la kujifunza kwa Herrick.

Zuhura ina jambo jingine linalogusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Juu yake pana mfereji mwembamba uitwao Baltis Vallis, wenye urefu wa takriban kilomita 6,800, yaani unaushinda hata mto Nile. Kitu gani kiowevu kingeweza kutiririka masafa hayo bila kuganda njiani? Zaha ya kawaida ni nzito mno. Baadhi ya wanasayansi wamependekeza kwamba ilikuwa zaha ya kaboneti, iliyo nyepesi karibu kama maji na inayoyeyuka katika joto la chini. Duniani pana volkeno moja tu itoayo zaha ya aina hiyo katika zama zetu, nayo ni Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania. Zaha yake hutoka ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, nusu ya joto la zaha nyingine, na rangi yake ni nyeusi au kahawia. Mchana haing'ari kama kaa. Kwa maneno mengine, hata hapa jirani pana mlima ambao "moto" wake hauonekani kuwa moto. Wamaasai hawakuuita mlima wa moto. Jina walilolichagua maana yake ni Mlima wa Mungu.

Io: mwezi unaosuguliwa

Galileo Galilei aliuona mwezi wa Io mnamo Januari 1610 ukiwa nukta tu kando ya Mshtarii. Kwa zaidi ya karne tatu na nusu ulidhaniwa kuwa jiwe baridi kama mwezi wetu, kwa kuwa unakaribiana nao kwa ukubwa: kipenyo chake ni kilomita 3,643, na cha mwezi wetu ni 3,474. Mwili mdogo namna hiyo hupoteza joto lake upesi, na kwa hiyo haukutarajiwa kuwa na volkeno hai.

Tarehe 2 Machi 1979, Stanton Peale, Patrick Cassen na Ray Reynolds walichapisha makala yaliyosema kinyume. Hoja yao haimpi taabu mtu wa pwani, maana inahusu kujaa na kupwa. Mwezi wetu huivuta bahari ikajaa na kupwa, na kuna siku za bamvua na siku za maji mafu. Sasa mtu achukulie kwamba kinachojaa na kupwa si maji bali mwamba. Io iko mbali na Mshtarii kwa kilomita 422,000, karibu sawa na umbali ulioko kati ya mwezi wetu na dunia. Lakini Mshtarii ina uzito wa zaidi ya mara 300 ya dunia, na kwa hiyo Io huizunguka kwa saa 42 na nusu tu badala ya siku 27. Tena haizunguki peke yake. Kila Io inapomaliza mizunguko minne, jirani yake Europa humaliza miwili na Ganymede mmoja. Mpangilio huo huzuia njia ya Io isiwe duara kamili. Kwa hiyo Io husogea karibu na Mshtarii, ikaenda mbali, ikarudi, na mwamba wake hupanda na kushuka hadi kufikia mita 100. Mtu akiukunja na kuukunjua waya mara nyingi, hupata moto mikononi. Ndivyo Io inavyopata joto lake.

Siku tatu baada ya makala hayo kuchapishwa, Voyager 1 ikapita karibu na Mshtarii. Mnamo tarehe 8 Machi, ikiwa inaondoka, ilipiga picha ya Io kwa madhumuni ya kuhakiki njia yake kwa kuilinganisha na nyota. Linda Morabito, mhandisi aliyeshughulikia uongozaji wa chombo hicho, alipoikuza mwangaza picha hiyo, aliona kitu mfano wa wingu kikichomoza ukingoni mwa mwezi. Io haina hewa ya kubeba wingu. Kilikuwa ni mfoko wa gesi na vumbi uliopanda zaidi ya kilomita 250. Ndivyo volkeno hai ya kwanza nje ya dunia ilivyogunduliwa, na mtu ambaye kazi yake haikuwa kutafuta volkeno.

Tangu hapo zimehesabiwa volkeno hai zaidi ya 400. Loki Patera peke yake ni ziwa la zaha lenye upana wa kilomita 200 hivi. Rangi ya manjano ya bizari inayoufunika mwezi huo, pamoja na mabaka mekundu na meupe, hutokana na salfa na misombo yake. Chombo cha Juno kilipita umbali wa kilomita 1,500 tu kutoka juu yake tarehe 30 Desemba 2023, kisha tena tarehe 3 Februari 2024, na vipimo vyake vikaonyesha kwamba chini ya gamba la Io hapana bahari moja ya mwamba ulioyeyuka iliyouzunguka mwezi mzima karibu na uso, kama wengine walivyokuwa wamedhani. Volkeno zake kwa hiyo hazichoti kutoka chungu kimoja.

Kwa msomaji wa Kiswahili, hata hivyo, kilicho kizito zaidi huenda kikawa ramani ya Io. Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliamua kwamba volkeno za mwezi huo zipewe majina ya miungu na mashujaa wa moto, jua, radi na volkeno kutoka mataifa yote. Ndiyo maana Pele wa Hawaii na Loki wa Skandinavia wako huko. Wako pia Shango wa Wayoruba na Nyambe wa bonde la Zambezi. Na yuko Mulungu. Mulungu Patera ni mojawapo ya mahali palipopimwa pakaonekana kuwa na joto la volkeno.

Jina hilo halihitaji kufafanuliwa kwa Mgiriama, Mkamba au Myao. Kwa mwanaisimu, ni jina lilelile tulitamkalo Mungu: sauti /l/ ilidondoka kati ya irabu, kama ilivyodondoka katika *zaa* na *twaa* ambayo katika lugha ndugu bado ni *zala* na *twala*; pakabaki *Muungu*, kisha *Mungu*. Yaani neno la Kibantu la kale limeandikwa kwenye mwezi wa Mshtarii, na wasemaji wake wengi hawana habari. Ni kweli kwamba waliolichagua walilitoa katika orodha za miungu ya radi, na kwamba Mulungu wa watu wetu hakuwa mungu wa radi pekee. Kosa la kumpunguza hivyo ni la kawaida katika maandishi ya kigeni kuhusu dini za Kiafrika. Lakini jina limeshakaa, na ni heri likafundishwe pamoja na kasoro yake kuliko kunyamaziwa.

Enceladus: maji yanayofoka

Enceladus ni mwezi mdogo wa Zohali. Kipenyo chake ni kilomita 500 hivi, karibu sawa na safari ya barabara kutoka Mombasa hadi Nairobi. Umefunikwa na barafu nyeupe, na joto la uso wake linakaribia nyuzi 200 chini ya sufuri. Mwaka wa 2005 chombo cha Cassini kiligundua kwamba katika ncha yake ya kusini pana nyufa nne ndefu, na kutoka nyufani hutoka mivuke na chembe za barafu zinazoruka mamia ya kilomita angani. Nyingine hurudi chini kama theluji. Nyingine hutoroka na kuwa sehemu ya pete mojawapo ya Zohali. Chini ya barafu pana bahari ya maji ya chumvi. Cassini ilipopita ndani ya mvuke huo ilipata chumvi, chembe za silika, na hidrojeni, dalili kwamba maji hayo yanakutana na mwamba wenye moto huko chini. Mwaka wa 2023 ilitangazwa kwamba fosfeti nayo imepatikana katika data za chombo hicho, ambacho chenyewe kilikuwa kimemaliza safari yake Septemba 2017.

Majina ya nyufa hizo nne ni Baghdad, Damaski, Kairo na Aleksandria. Msomaji wa fasihi atakuwa ameshabaini chanzo: kila kitu juu ya Enceladus kimepewa jina kutoka katika *Alfu Lela Ulela*. Kreta zake zinaitwa Ali Baba, Aladdin, Sindbad, Shahrazad. Kitabu ambacho kwa tafsiri kimekuwa sehemu ya usomaji wa Kiswahili tangu enzi za ukoloni, na ambacho hadithi zake zilisimuliwa barazani kabla ya hapo, ndicho kamusi ya ramani ya mwezi huo. Tafsiri waliyoitumia wanaastronomia ni ya Kiingereza ya Richard Burton, yule yule aliyefika Unguja mwishoni mwa 1856 na kusafiri bara mwaka uliofuata kuelekea ziwa Tanganyika.

Turudi kwenye neno. Je, kinachotoka katika ufa wa Baghdad ni volkeno? Si mlima, kwa kuwa ni ufa. Si moto, kwa kuwa ni maji. Lakini mchakato ni uleule: joto la ndani, linalotokana na kuvutwa na Zohali kama Io inavyovutwa na Mshtarii, huyeyusha kitu ambacho juu yake kimekuwa kigumu, na kitu hicho hutafuta njia ya kutoka. Katika Enceladus barafu ndiyo mwamba, na maji ndiyo zaha. Kwa sababu hiyo wanasayansi huita jambo hili volkeno baridi, au volkeno ya barafu.

Kitenzi kinachofaa hapa kipo tangu zamani jikoni. Chungu cha uji kikizidiwa na moto, uji *hufoka*. Haulipuki, wala hautiririki. Hupanda kwa shinikizo la mvuke ukamwagika nje. Mtu aliyezidiwa na hasira naye hufoka. *Kufoka* hakudai kitu kiwe cha moto mwekundu, wala hakudai mlima. Kunadai kitu kilichobanwa ndani kikashindwa kubanika. Nomino *mfoko* inafaa kusimama mahali ambapo waandishi wamekuwa wakisema "moshi wa volkeno", usemi ambao kwa Enceladus ni uongo mtupu, na kwa Io una walakini, kwa kuwa hakuna kinachoungua.

Fasili inayopendekezwa

Upungufu wa fasili ya "mlima utoao moto" hautokani na uvivu wa walioiandika. Neno *volkeno* lenyewe lina asili ya moto: limetoka kwa Vulcan, mungu wa moto wa Warumi, kupitia kisiwa cha Vulcano nchini Italia. Hata hivyo maana ya neno haifungwi na asili yake. Makala haya yanapendekeza fasili ifuatayo: *volkeno* ni mahali katika gamba la sayari au mwezi ambapo kitu kilichoyeyushwa au kugeuzwa mvuke na joto la ndani hutokeza nje. Fasili hiyo inaukubali Olympus Mons, Maat Mons, Lengai, Mulungu Patera na ufa wa Baghdad, na mlima hubaki kuwa zao la volkeno badala ya kuwa volkeno yenyewe.

Kuna atakayepinga kwamba fasili hii ni ndefu kwa mtoto wa darasa la sita. Huyo anaweza kuambiwa kwamba volkeno ni mahali ambapo tumbo la dunia hufoka, na hatakuwa amedanganywa.

Kesi iliyo ngumu ni ya Triton, mwezi wa sayari ya Neptuni. Voyager 2 ilipopita huko Agosti 1989 iliona mifoko ya gesi ya nitrojini na vumbi jeusi ikipanda kilomita nane hivi, kisha ikipeperushwa upande kwa zaidi ya kilomita 100, juu ya uso wenye baridi ya nyuzi 235 chini ya sufuri. Vitabu vingi huihesabu miongoni mwa volkeno baridi. Lakini maelezo mojawapo yenye nguvu ni kwamba joto linaloigeuza nitrojini kuwa gesi halitoki ndani ya Triton: ni mwanga hafifu wa jua unaopenya barafu angavu na kunaswa chini yake. Ikiwa ndivyo, Triton inafoka, lakini haina volkeno pale. Ina mfano wa gizeri, kama zile za kando ya ziwa Bogoria, ila ya kwake hupashwa moto kutoka juu, na zile za Bogoria kutoka chini.